Jinsi Nilivyochagua Injini ya Bao la Kaka Shomari

Mkija kwangu Kilindoni, hata kiti hamjakikalia, swali ni lile lile: "Shikamoo Bibi Saumu. Tutumie injini gani?"

Marahaba. Nawapenda kwa haraka yenu, lakini hilo ni swali la pili. Mimi nililifanya la kwanza, likanitafuna muda mrefu na likaniaibisha mbele ya kaka yangu. Kwa hiyo msitegemee nitawatajia jina. Majina ya injini hubadilika, iliyo maarufu leo mwakani haiko. Nitawaeleza tu nilivyochagua yangu, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vibaya zaidi, na kilichonisaidia mara ya tatu.

Kazi yangu mnaijua. Nilianza na taipureta ofisini nikiwa msichana, kompyuta zilipokuja nikahamia huko, nikamalizia na duka langu la steshenari karibu na soko: kuchapa, kutoa kopi, kufufua kompyuta zilizokufa, na kufundisha watu kuchapa. Sasa nimestaafu, dukani yupo binti yangu. Gemu hazikuwa kazi yangu hata siku moja. Hakuna aliyenituma. Wenzangu alasiri walikaa kusuka ukili wa mikeka, mimi nikakaa kutengeneza gemu, na kila mmoja alimwona mwenzake anapoteza muda.

Kwa wale wageni kabisa: injini ya gemu ni programu ya kutengenezea gemu. Inakuja na mambo mengi yameshafanywa, kama kuchora picha kwenye kioo, kutoa sauti, kujua kidole kimegusa wapi. Wewe unaleta mchezo wako. Unaweza kufanya bila injini. Mtu anaweza pia kuanza kuchonga mtumbwi kwa kupanda mwembe.

Mimi mwembe niliupanda. Gemu langu la kwanza lilikuwa la wanafunzi wangu wa kuchapa. Nazi zinaanguka kutoka juu, kila nazi ina herufi, ubonyeze herufi hiyo kabla nazi haijagusa ardhi. Sikujua kuna kitu kinaitwa injini. Niliandika kila kitu mwenyewe, mpaka namna nazi inavyoshuka, na nazi za mwanzo zilikuwa zinapaa. Wanafunzi walicheka mpaka wakashindwa kuchapa. Lakini lilipokaa sawa, walilipenda kuliko somo lenyewe, na mimi nikajua ugonjwa huu hautaniacha.

Mwalimu wangu wa kuchapa alikuwa Bi Tausi, Mungu amrehemu, mkuu wa wapiga chapa pale ofisini. Mwanamke mfupi, sauti ya kuamrisha jeshi. Siku ya kwanza alivua mtandio akautandaza juu ya vidole vyangu na taipureta yote. "Chapa," akasema. Nikamwambia sioni. "Sikukuambia uone. Nimekuambia uchape." Nililia wiki nzima. Baadaye vidole vyenyewe vikajua njia. Mnashangaa nawaletea habari za taipureta kwenye mambo ya gemu, lakini subirini.

Sasa kaka Shomari.

Ni kaka yangu mkubwa, anakaa Baleni, mkulima wa minazi na mihogo. Na alikuwa mchezaji wa bao ambaye watu waliacha kazi kumtazama. Kwa vijana wa simu, bao ni ule ubao wa mashimo manne kwenda chini na manane kwenda pembeni, unagawa kete na kula za mwenzako. Nasema ni la mahesabu kuliko mengi mnayocheza. Utotoni alikuwa ananifukuza barazani. "Bao si la watoto wa kike," anasema, nami nachungulia mlangoni. Nusu ya sheria nilizozijua nilizipatia kwenye ule mlango.

Halafu macho yakaanza kufifia. Madaktari walisema ni presha ya macho, wakajitahidi, lakini alikuwa amechelewa kwenda. Mwishoni akawa hata mwanga wa jua anauhisi kwa ngozi tu. Kazi nyingi hakuziacha. Nazi anafua mpaka leo, anaipiga nazi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha, na kuizungusha, makumbi yanatoka, mikono haimdanganyi. Na bao hakuliacha mwanzoni. Anapapasa mashimo, anahesabu kwa vidole, anacheza. Wenzake wakavumilia.

Siku moja nikaenda Baleni nikamkuta amekaa nyuma ya nyumba peke yake, wakati wa alasiri ambao siku zote huwa barazani. Wifi yangu Mwanaisha akanivuta pembeni. "Hataki tena bao," akaniambia. "Muulize mwenyewe, mimi kanifokea."

Nikamwendea. "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na bodaboda yenye breki mbovu. Nimeisikia tangu kule kwenye kona."

"Mbona hujaenda barazani?"

Akaokota kumbi la nazi akawa analichana nyuzi nyuzi.

"Makame kaniachia," akasema.

Makame ndiye mpinzani wake tangu ujana. Wametukanana kwenye bao miaka yote hiyo, na wakazikiana wazazi.

"Amekuachia vipi?"

"Saumu, alikuwa na kula kubwa. Kete zangu zote za mbele zilikuwa zake. Nimepapasa nimeona kwa vidole vyangu. Akaipita. Akacheza upuuzi upande mwingine, halafu akasema, aa, Shomari, leo umenifunga tena." Akalitupa lile kumbi. "Tena! Kwa hiyo na zile nyingine zote aliniachia. Wananifunga mdomo kwa ushindi kama mtoto anayenyamazishwa kwa kashata."

Nikasema labda Makame hakuiona.

"Makame anaona kula kutoka chumbani kwake. Usinifanye na wewe mjinga."

Niliondoka Baleni siku ile nimeshaamua. Kaka yangu alihitaji mpinzani asiyejua huruma, na mimi nilikuwa najua kutengeneza kitu kimoja tu duniani kisichokuwa na huruma. Nitamtengenezea bao ndani ya simu.

Na hapo ndipo nikauliza swali lenu: nitumie injini gani?

Nikaingia mtandaoni. Kila niliyemuuliza akanitajia ile kubwa, inayotengenezea magemu ya picha unazoona kama kweli, na vivuli, na maji yanayometa. "Hiyo ndiyo ya wakubwa," wakaniambia. Nami nikaona kaka yangu anastahili ya wakubwa. Kuishusha tu kulinimalizia bando baada ya bando. Laptopu yangu ilipoifungua ilivuma kama mashine ya kusaga, mpaka jirani akaja kuuliza kama nimenunua jenereta.

Lakini wacheni niseme ukweli, nilifurahi. Nilichonga bao la mninga humo ndani, na nakshi pembeni. Nikaweka kete zinazong'aa, nikaweka kivuli cha mnazi kinachocheza juu ya ubao upepo ukipita. Miezi nilikaa na kile kivuli. Majirani walikuwa wanaingia dukani kutazama kivuli. Sheria zenyewe za bao nilikuwa bado sijaziandika vizuri, maana nani ana muda wa sheria na kivuli hakijakaa sawa?

Nikaenda nalo Baleni. Nikamwekea kaka ile simu mkononi, simu yake ya kupangusa, aliyopewa na mwanawe. Simu ikawaza, ikawa ya moto, ikawaza tena. Hatimaye bao likatokea, linasuasua. Wifi Mwanaisha akapiga kigelegele. "Maashallah, wifi! Tazama kete! Tazama mnazi!"

Kaka akaigeuza simu huku na huku. Akapitisha kidole gumba juu ya kioo. Kioo ni kioo, laini pote.

"Liko wapi?" akauliza.

Wifi akanitazama. Mimi nikaitazama ile simu.

"Basi nielezee, mdogo wangu," akasema, taratibu kabisa, na huo upole ndio ulioniumiza. "Mnasema ni zuri. Nielezee uzuri wake."

Vijana, nilikuwa nimemtengenezea kipofu kivuli.

Sikulia mbele yake. Nililia njiani, juu ya bodaboda, na dereva akadhani ni vumbi. Nilipofika nyumbani niliifuta ile injini yote na laptopu ikapumua. Siwaambii ile injini ni mbaya. Ni nzuri mno. Ila niliichagua kwa macho yangu mimi, kwa gemu la mtu asiye na macho, na kwa simu isiyoweza kuibeba.

Jipime hapo kwanza. Unamtengenezea nani, na ana simu gani mkononi?

Ya pili niliichagua kwa uvivu. Nilikuwa nimechoka, nikapata ile ya kuburuta vipande: huandiki mistari ya programu, unaburuta kipande kinachosema "kidole kikigusa" unakiunga na kipande kinachosema "toa sauti". Inafaa sana kuanzia, watoto wa shule niliwafundisha kwa hiyo. Kwa siku chache tu nilikuwa na mashimo yanayosema namba zao. Lakini ilikuwa inaishi mtandaoni. Kazi yako yote iko kwao, huko waliko, kwako hakuna kitu. Mimi niliyewahubiria wateja maisha yangu yote, "wekeni nakala, wekeni nakala," sikuwa na nakala.

Kukawa na harusi ya mpwa wetu kule kijijini Bweni. Harusi zetu mnazijua, unaenda kwa siku mbili unarudi baada ya wiki mbili. Kule mtandao nilikuwa naupata nikisimama upande wa mnara wa taa tu, na hata hapo kwa kuinua mkono. Nilikwenda pale mara moja nikaona kuna ujumbe wa wenye injini, masharti mapya, kazi za zamani zihamishwe. Nikasema nikirudi nitasoma. Niliporudi Kilindoni, mashimo yangu yanayosema hayakuwepo. Niliandika kuuliza. Jibu likaja la adabu sana, na ndani yake hamna kitu.

Binti yangu akaniambia, "Mama, pumzika. Mjomba mwenyewe ameshasahau."

"Yeye akisahau, mimi sijasahau," nikamwambia. "Sitakufa na bao hili tumboni."

Hapo ndipo nilipoacha kuchagua injini kwa sifa zake. Nilifanya kitu ambacho nawasihi mkifanye, hata kama mtasahau mengine yote niliyosema. Nilijiuliza: katika gemu hili, ni jambo gani likishindikana, gemu lote limekufa? Halikuwa ubao, wala kete, wala hata akili ya mashine. Lilikuwa hili: mtu asiyeona aweke kidole kwenye kioo, simu imwambie papo hapo yuko shimo gani na kuna kete ngapi. Papo hapo, si baadaye. Basi nikasema sitengenezi bao. Natengeneza shimo moja. Kila injini nitakayosikia, naipa shimo moja, naipeleka kwenye simu ya aina ile ile ya kaka, bila mtandao, betri ikiwa imebaki kidogo. Ikiweza shimo moja, tutazungumza.

Na hapo ndipo mtandio wa Bi Tausi uliponifaa. Nilijifunga macho kwa kanga nikakaa mkekani na simu. Duka limefungwa, maana mteja akikukuta hivyo hatarudi. Injini moja niliipa shimo, ikasema "shimo la tatu", vizuri kabisa, lakini ilisema wakati kidole changu kimeshafika la nne. Mwenye macho asingejua. Ni kuchelewa kama kufumba na kufumbua. Lakini gizani kule kuchelewa ni uongo. Unaambiwa uko mahali ambapo huko. Nikaitupa. Nyingine sauti ilikuja kwa wakati, ila simu ililegea baada ya mchezo mfupi, imekula chaji yote. Baleni umeme ukikatika huwezi kumwambia mtu asubiri kucheza. Nikaitupa.

Iliyobaki ilikuwa ndogo, ya bure, ambayo siku ya kwanza niliidharau kwa sababu ukurasa wake haukuwa na picha za kung'aa. Laptopu yangu iliifungua bila kuvuma. Maelezo yake yote niliyashusha nikayasoma mtandao ukiwa umezima. Kazi yangu ilikaa kwenye flashi yangu, mfukoni mwangu, na wenyewe wakifunga duka kesho, mimi bado ninayo. Shimo moja likasema kwa wakati. Nikahamisha kidole huku na huku kama mwehu, likanifuata. Nikavua kanga machoni nikapiga vigelegele peke yangu.

Ilibidi nijifunze kuandika mistari ya programu upya, kwa lugha nyingine, na umri ule. Sio kitu. Uvivu wa kujifunza ulishanigharimu zaidi.

Sauti ni zangu mwenyewe. Nilikopa bao la jirani na kete za komwe, nikajifungia ndani ya kabati la nguo ili kelele za nje zisiingie, nikadondosha kete moja moja. Kete ikianguka kwenye shimo tupu inalia tofauti na ikiangukia wenzake, na kaka angejua. Jogoo wa jirani hata hivyo alinishinda. Mkilicheza, sikilizeni shimo la saba, yumo.

Nikarudi Baleni. Safari hii sikusema ni zuri. Nilimwambia tu, "Kaka, weka kidole."

Akaweka. Simu ikasema kwa sauti yangu: shimo la pili, kete mbili. Akasogeza. Shimo la tatu, tupu. Akarudi. Akaenda safu ya pili. Sikupumua. Wifi alikuwa anachambua dagaa, naye akaacha.

"Na nikitaka kucheza shimo?"

"Ligonge mara mbili."

Akaligonga. Kete zikaanza kuanguka moja moja, tak, tak, tak, na nikaona uso wake unazifuata kwa sikio kutoka upande huu kwenda upande ule. Akala. Akagawa tena. Akala tena. Muda si mrefu simu ikasema, "Umeshinda."

Nilitegemea furaha. Akaweka simu chini kwenye jamvi, akainua uso.

"Na hii nayo inaniachia?"

"Wallahi haikuachii, kaka! Haijui hata kama huoni. Haijui kama wewe ni mtu."

"Basi mbona mjinga hivi?"

Mjinga nilikuwa mimi. Mashine yangu ilikuwa inatazama hatua moja tu, ipi inakula kete nyingi, na inaicheza hiyo hiyo. Kwa mchezaji kama yeye hilo ni kama kumvua samaki aliyeko kwenye karai. Nikarudi Kilindoni, nikaifundisha kutazama yeye atajibu nini, kisha yenyewe itamjibu nini. Nikaipeleka. Sasa ikaanza kumsumbua. Na siku moja, asubuhi na mapema, simu yangu ikalia.

"Saumu! Mashine yako mwizi!"

"Hata salamu, kaka?"

"Salamu baadaye. Imekula shimo langu la mwisho la pembeni, halafu ikaendelea kugawa kule kule ilikokuwa inaelekea. Mtu akila pembeni anaanza kugawa kutoka pembe ile ile. Nani kakufundisha bao?"

"Mlango wako, kaka," nikamwambia. "Ule uliokuwa unanifungia."

Nikasikia kuku kwao, nikasikia wifi anauliza kuna nini.

"Njoo," akasema. "Njoo na bao la mti, si hilo la simu."

Basi nilikwenda. Tukakaa ukumbini, mimi na kaka yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akanifundisha bao. Aliushika mkono wangu na kuutembeza kwenye mashimo. Kuna sheria nilizozikosea ambazo ningeapa ni sahihi. Wifi akacheka, "Leo bao limekuwa la wanawake?" Kaka akamjibu bila kugeuka, "Huyu si mwanamke, huyu ni fundi." Nikamwambia fundi ni mwanamke pia, akasema haya, haya, gawa kete, unachelewesha.

Nilikwenda alasiri nyingi. Narekebisha, ananipigia kulalamika, narekebisha tena. Ndiyo maana nawaambia injini muichague ambayo kuibadilisha kazi yako ni rahisi, kwa sababu kazi yenyewe ni kubadilisha. Ile ya kivuli ningetaka kugeuza jambo dogo ningesubiri mpaka chai ipoe. Hii nilibadilisha nimekaa kwenye jamvi lake, nikairudisha kwenye simu, akaijaribu papo hapo, akanitukana papo hapo.

Halafu ikaja siku mashine ikamfunga.

Nilikuwepo. Alicheza vizuri, polepole, kidole kinapita kwenye mashimo kama mtu anayesoma. Akaenda na kula iliyoonekana nono, na mashine ikamjibu upande ambao hakuutazamia, ikamfagia mbele yote. Simu ikasema kwa sauti yangu mimi, "Umefungwa." Nilitamani kuimeza ile sauti.

Kaka akarudisha kidole, akapita shimo kwa shimo, akasikiliza hesabu zote.

"Kweli," akasema. "Kweli kabisa. Imenifunga." Akavuta pumzi ndefu. "Panga upya."

Alicheza mpaka betri ikaisha. Wifi alisema hakuwa amemwona hivyo tangu macho yalipoondoka. Alifungwa karibu kila mara, na alifungwa kwa hamu, kama mtu mwenye njaa.

Habari zikafika barazani, Baleni hakuna siri. Makame akaja nyumbani na fimbo yake, akapiga hodi, akasalimiana na wifi, akauliza hilo bao la Saumu liko wapi. Akataka kulijaribu. Hakuweza kulicheza kwa kutazama maana hakuna cha kutazama. Nilikuwa nimeacha kioo cheusi kitupu, na sikuona sababu ya kukipamba. Ikabidi afumbe macho. Akafungwa upesi, akalaani, akafungwa tena.

"Shomari, wewe unalifungaje hili shetani?"

"Mara moja moja," kaka akasema. "Silifungi kila siku. Linanitoa jasho."

Makame akachezea ncha ya fimbo. Kisha akasema, huku anatazama chini, "Njoo kesho barazani."

"Nije kufanya nini? Kupewa kashata?"

"Njoo," Makame akasema. "Njoo, ndugu yangu. Sitarudia ule upuuzi."

Kesho yake sikwenda na kaka. Bao ni lao, nikaogopa nikiwepo Makame ataona haya na kurudi kule kule kwenye huruma. Nilibaki na wifi ukumbini tukimenya mihogo. Alasiri ikapita, adhana ya magharibi ikaadhiniwa, watu wakaswali, bado hajarudi. Wifi akaanza kutoka mlangoni kila mara. Mwishoni tukasikia fimbo ya kaka inagonga njiani, na mtu anajiongelesha.

Akaingia. Kofia imekaa upande, shati limelowa mgongoni.

"Vipi?" wifi akauliza.

"Kanifunga," kaka akasema. "Kanifunga, nikamfunga, halafu kanifunga tena mbele ya watu wote."

"Sasa mbona unacheka?"

Akapapasa kiti, akakaa, akanigeukia upande niliokuwepo.

"Nimemsikia akihema, Saumu," akasema. "Mtu anayekuachia hahemi."